Zuwera Aliyeacha Mkorogo

Barikisu aliingia dukani mchana wa Ijumaa, saa ambazo wanaume wako msikitini na soko limepoa, akiwa amejitanda mtandio mpaka chini ya macho. Zuwera alidhani ni vumbi. Hamatani ilikuwa imeanza, ule upepo mkavu unaoshuka kutoka jangwani na kupasua midomo ya watu na visigino vyao, na nusu ya wakazi wa mji wa Tamale walikuwa wakitembea wamejifunika.

"Wifi, mbona umejifunga kama mgonjwa wa meno?" akamtania.

Barikisu hakucheka. Aliushusha mtandio. Mashavu yake yalikuwa na mabaka, hapa mekundu, pale meusi, ngozi imechunika kama ganda la kitunguu, na chini ya jicho la kushoto palikuwa panatoka majimaji.

"Uso unaniwaka," alisema. "Tangu juzi. Nikitoka juani ni kama mtu ananipaka pilipili."

Zuwera hakuuliza alikuwa amejipaka nini. Alijua. Kopo la kwanza la mkorogo alimuuzia yeye mwenyewe, na la pili alimpa bure, zawadi ya bi harusi mtarajiwa, kwa kuwa Barikisu alikuwa mdogo wa mume wake na harusi ilibakiza miezi mitatu. "Paka asubuhi na jioni," alikuwa amemwambia. "Siku yenyewe ikifika, hata mama yako ataomba atambulishwe." Wakacheka wote wawili siku ile mpaka wakashikana mabega.

Miaka kumi na mmoja Zuwera alikuwa ameuza vipodozi katika duka lile. Alikuwa na jina. Wanawake walitoka mitaa ya mbali kuja kwake, wakapita maduka mengine bila kugeuza shingo, kwa sababu Zuwera alikuwa mcheshi na hakumdharau mtu. Yeye mwenyewe hakujichubua. Alikuwa mweusi tititi, na watu wakimuuliza mbona, alisema mpishi hashibi chakula chake. Lilikuwa jibu la kuchekesha, nalo lilimtosha miaka yote hiyo.

Alifunga duka, akamwingiza wifi yake kwenye bajaji, wakaenda hospitali.

Tabibu alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, asiyepoteza maneno. Alimtazama Barikisu usoni kwa muda mrefu, akalinusa kopo la mkorogo walilokuja nalo, akauliza, "Nani alikuuzia hii?"

Barikisu akatazama sakafu. Alikuwa tayari kusema amelipata njiani, kwa mchuuzi asiyemjua. Zuwera aliona midomo yake inautafuta uongo huo kwa ajili yake, akamtangulia.

"Mimi," alisema.

"Na wewe ni nani wake?"

"Wifi yake."

Tabibu akavua miwani. "Angekuwa adui yako, ungemfanyia nini?"

Waliondoka na dawa, na masharti: asijipake kitu kingine chochote, akwepe jua, arudi kila wiki. Ngozi itapona, tabibu alisema, lakini baadhi ya mabaka huenda yakabaki. Hakuahidi zaidi ya hapo.

Jioni ile Zuwera alishusha makopo yote ya kujichubua kutoka kwenye rafu na kuyapanga sakafuni. Yalijaza nusu ya duka. Mume wake, Neindow, mshonaji wa majoho ya mistari, alisimama mlangoni na futi yake ya kupimia shingoni.

"Sasa unafanya nini?"

"Natupa."

"Zuwera, hiyo ni robo tatu ya mali ya duka. Mrudishie basi Hajia Lansah, si yeye aliyekuletea?"

"Nikimrudishia atamuuzia nani? Si dada wa mtu mwingine?"

Neindow akavua ile futi, akakunja mikono ya kanzu, na wakayabeba pamoja mpaka kwenye shimo la choo cha zamani lililokuwa likingoja kufukiwa. Zuwera alitoboa kopo moja moja kwa msumari kabla ya kulitupa, asije mtu akashawishika kuyaopoa.

Harusi iliahirishwa. Upande wa bwana harusi walisema wanangoja bi harusi apone, wakasema kwa heshima, lakini heshima yenyewe ilikuwa na baridi. Barikisu akarudi kukaa kijijini Nabogyili kwa mama yake, na kwa miezi miwili hakutaka kumwona Zuwera. Zuwera alikwenda hata hivyo, kila wiki, akampeleka hospitali na kumrudisha. Njiani hawakuzungumza. Wiki ya sita ngozi ilifunga, na tabibu akasema sasa anaweza kupaka mafuta, lakini yale mepesi yasiyo na harufu wala madoido. "Nyie wa kaskazini mnaniuliza mimi?" alisema. "Mafuta ya shea si yamejaa majumbani kwenu?"

Mama yake Barikisu alikuwa Mma Damu, na hakuna aliyekamua mafuta ya shea Nabogyili yote kama yeye. Yalikuwa meupe, yaliyotulia, yasiyoshika uvundo hata yakikaa mwaka. Barikisu alipakwa hayo tangu siku aliyozaliwa, na sasa akapakwa tena, na uso wake, pamoja na mabaka yake, ukarudi kuwa laini. Zuwera alikaa kwenye kigoda akimtazama Mma Damu akipaka kwa ncha ya kidole, taratibu, kama mtu anayefuta vumbi kwenye maandishi. Ndipo wazo likamjia, na lilipomjia halikumwachia tena: atengeneze krimu ya mafuta haya. Laini, yenye harufu nzuri, iliyokaa katika kopo ambalo mwanamke wa mjini hataona haya kuliweka mbele ya kioo chake. Watu walikuwa wameyaacha mafuta ya mama zao kwa sababu yalinuka moshi na yalikaa kwenye kibuyu. Basi moshi utaondoka, na kibuyu kitabadilishwa.

Alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake kama ilivyo ada, akainamisha kichwa.

"Mma, naomba unifundishe kukamua."

Mma Damu hakuacha kazi yake. "Ukitaka mafuta, sokoni yapo."

"Sitaki mafuta. Nataka mikono yako."

"Mikono yangu imeshikana na mabega yangu. Haiazimwi."

Barikisu, kwa mara ya kwanza tangu maradhi yake, alicheka puani. Mama yake aliendelea: "Ulipoletwa nyumba hii nilikupa chungu kizima cha mafuta yangu. Unakumbuka ulichosema? Ulisema yananuka kama mbuzi aliyebabuliwa. Ulidhani sikusikia. Nilikuwa nyuma ya mlango, nimekuletea na mfuniko wake."

Zuwera akainamisha kichwa zaidi. Miaka kumi na minne ilikuwa imepita. "Nilisema, Mma," akajibu. "Nilikuwa mjinga, na pua yangu ilikuwa juu. Nisamehe."

"Kusamehe nimekusamehe zamani. Kufundisha ni kitu kingine." Akafunika kibuyu. "Mvua ikija, njoo uokote kokwa. Asiyeokota hakamui. Uone kama utamaliza hata wiki."

Mvua ilikuja, na Zuwera akaenda. Alimwachia Neindow nyumba, akalala Nabogyili siku nne kila wiki. Wanawake walitoka alfajiri, beseni kichwani, kwenda kwenye miti ya shea iliyotawanyika mashambani, na kuokota matunda yaliyoanguka usiku kabla mbuzi hawajayafikia. Siku ya pili alitia mkono chini ya majani na kitu baridi kikajikunja. Alitupa beseni, akakimbia mpaka njia kuu, viatu akaviacha. Wenzake walicheka hadi wakakaa chini.

"Mke wa mjini!" wakamwita. "Nyoka mwenyewe amekimbilia upande wa pili! Mmegawana shamba!"

Jioni walimkuta amekwisha kurudi, ameshika fimbo ya kupekulia majani, na beseni limejaa. Tangu hapo hawakumwita tena mke wa mjini, wakamwita Fimbo.

Alimaliza wiki. Akamaliza msimu. Alichemsha kokwa, akazianika, akazipasua kwa jiwe hadi vidole vikafa ganzi, na Mma Damu akipita alitupa kando zile zilizoanza kuota, bila neno, mpaka Zuwera akajua mwenyewe kuzitambua. Hizo ndizo zinazoharibu mafuta. Kisha wakakaanga, wakasaga, na ikaja siku ya kupiga. Tope la kahawia la kokwa lilikuwa ndani ya beseni kubwa, nawe unalipiga kwa kiganja na maji, unapiga na kupiga, mpaka mafuta yachoke kujificha na kupanda juu meupe. Wengine huchukua saa moja. Zuwera alipiga mpaka jua likahama kutoka upande mmoja wa ua kwenda wa pili. Mkono wa kulia ulipokufa alitumia wa kushoto.

"Acha, nitamalizia," alisema Barikisu.

"Usiniguse."

"Wifi, mkono wako unatetemeka."

"Utetemeke ukiwa ndani ya beseni."

Mma Damu alikuwa akitazama. Tope lilipogeuka rangi na povu jeupe likaanza kujikusanya kama mawingu, bibi yule alisimama, akavuta kigoda, akaketi karibu na mkwewe, na kwa mara ya kwanza akamwonyesha: maji ya baridi kiasi gani, lini uyachote yale meupe, uyaoshe mara ngapi, moto wa kuyachemshia uwe mdogo na kuni zikauke kabisa, zisitoe moshi.

"Kumbe moshi huzuilika?" Zuwera aliuliza.

"Ungeuliza miaka kumi na minne iliyopita, ungejua."

Kukamua mafuta ilikuwa nusu ya safari. Krimu yenyewe ilimsumbua kuliko nyoka. Ya kwanza alitia maji ya mshubiri, kwa kuwa alisikia yanapoza ngozi, na siku ya tisa makopo yakaota ndevu za kijani. Akajifunza kwamba penye maji pana uozo, akayaacha maji kabisa. Akachanganya mafuta ya shea na mafuta ya nazi yaliyotoka kusini, na kipande cha nta ya nyuki ili isiyeyuke mfukoni mwa mtu, na ndani ya mafuta ya nazi akaloweka majani makavu ya mchaichai siku kumi, akayachuja, yakabaki na harufu ya asubuhi. Vilikuwa vitu vinne tu. Lakini kila alipoiacha ipoe iliganda chengachenga, ukijipaka unadhani umejisugua mchanga. Mapishi matano yaliharibika hivyo. La sita alilibeba kwenye ndoo mpaka Nabogyili akalitua mbele ya Mma Damu.

Bibi akasugua tone kati ya vidole. "Unaiacha ipoe yenyewe?"

"Ndiyo."

"Hayo mafuta ni kama mtu aliyenuna. Ukimwacha akae peke yake anapoa polepole, anajaa vinundu moyoni. Mpeleke kwenye maji ya baridi haraka, na usiache kumkoroga hata akulaani."

Wakaiyeyusha upya, wakaliweka sufuria ndani ya karai la maji ya kisima, Zuwera akakoroga bila kupumzika. Ilipoa ikawa nyeupe, nyororo, inasimama kwenye kijiko kama uji mzito. Mma Damu akapaka kwenye kiwiko chake, akanusa, akapaka na kingine. Kisha akapaka na magoti.

Zuwera akafungua tena duka lake, rafu zimebaki tupu isipokuwa moja. Wateja wa zamani walikuja, wakachungulia, wakacheka.

"Zuwera, hii si ndiyo tunayokaangia bajia za kunde? Nipake au nikaangie?"

"Paka kwanza. Ikibaki, kaangia."

"Na inang'arisha?"

"Hapana. Inalainisha. Ukiingia mweusi unatoka mweusi."

"Ah! Sasa ya nini?"

Wakaenda zao. Miezi ikapita namna hiyo, na majoho ya Neindow ndiyo yaliyowalisha. Wakati huo wa ukame ndipo Hajia Lansah alipokuja na gari lake. Alikuwa muuzaji wa jumla, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya asali, na ndiye aliyemsaidia Zuwera kuanza biashara. Akavua viatu, akaketi, akajipaka krimu mgongoni mwa mkono.

"Nzuri," alisema, na alimaanisha. "Nzuri kweli, mwanangu. Lakini umeacha kitu kimoja." Akatoa mfuko mdogo wa unga mweupe. "Kijiko kimoja kwa sufuria zima. Hakinuki, hakionekani. Unaandika juu yake 'ya asili', na mimi nachukua makopo yote unayoweza kutengeneza, mpaka Kumasi, mpaka Akra. Hutahangaika tena."

Zuwera aliutazama ule mfuko. Alikuwa amechoka, na haikuwa kweli kwamba hakushawishika. Aliiona rafu yake imejaa. Aliona Neindow akipumzisha macho yake. Kisha akauliza, "Hajia, hicho kijiko utampaka mjukuu wako?"

"Mjukuu wangu mweupe tayari, alhamdulillahi."

"Na angekuwa kama mimi?"

Hajia Lansah akacheka kidogo, akaacha. Zuwera aliinuka, akaenda mlangoni, akainama, akavipanga viatu vya mgeni wake vizuri, vikatazama nje. Ilifanyika kwa adabu zote, na Hajia akaelewa anaonyeshwa mlango. Alivaa bila kuaga.

Waliomfungulia riziki hawakuwa wale aliowatazamia. Hamatani ya pili ilipovuma, alikuja fundi mwashi mmoja, mzee Sandow, mikono yake imepasuka kwa saruji hadi nyama inaonekana.

"Nataka hiyo krimu," alisema, anatazama dari. "Ya mke wangu."

"Mkeo ana mikono kama yako?"

"Nimesema ya mke wangu."

"Basi mwambie mkeo asipake penye damu. Hapo aende zahanati kwanza. Pakishafunga, apake kila usiku na alale amevaa soksi mikononi."

"Soksi?"

"Mkeo atazoea."

Wiki tatu baadaye alirudi na waashi wengine wanne, kila mmoja akinunulia mke. Baada yao wakaja wahunzi, wachuna ngozi za mifugo, wapiga ngoma ambao mikono yao ndiyo mtaji wao. Kisha wakaja wake zao wenyewe, kwa hasira, kuuliza ni krimu gani hii ambayo waume wanaficha chini ya mto.

Barikisu alikuja mjini kusaidia, kwa kuwa Zuwera peke yake hakutosha. Walikuwa wameanza kuzungumza, kwanza juu ya kazi, kisha juu ya mambo mengine. Siku moja, wakijaza makopo, Barikisu alisema bila kuinua macho, "Nilikuchukia, unajua?"

"Najua."

"Si kwa sababu ya mkorogo. Niliutaka mwenyewe. Nilikuchukia kwa sababu ulimwambia tabibu ukweli, na mimi nilikuwa nimekwisha kujiandaa kukufichia. Nikaona hata nafasi hiyo umeninyang'anya."

Zuwera akafunika kopo. "Ilifaa nikuachie?"

"La. Lete kijiko."

Mabaka mawili hayakuondoka, moja kwenye kila shavu, na Barikisu aliketi nayo mbele ya duka bila poda. Msichana akija kuuliza krimu ya kumng'arisha kwa harusi, Zuwera hakuhitaji kuhubiri. Barikisu alisogea kwenye mwanga. "Niangalie vizuri," alisema. "Na mimi nilikuwa na harusi." Wengine waliondoka na kopo la Zuwera. Wengine walivuka barabara, wakaingia duka la pili. Yule bwana harusi wa kwanza hakurudi, na Barikisu hakumngoja. Aliolewa miaka miwili baadaye na mtoto wa mzee Sandow, fundi mwashi kama baba yake, aliyeanza kwa kununua krimu ya mama yake kila wiki mpaka watu wakaanza kuhesabu mama huyo ana ngozi eka ngapi.

Sasa Zuwera ana wanawake kumi na tisa wa Nabogyili wanaokamua pamoja naye, na wale waliomwita Fimbo ndio wa kwanza. Mma Damu ameacha kupiga tope, macho yamepungua, lakini kwa kila pishi hupelekewa tone kiganjani, na akikunja uso pishi lote hurudi motoni, hata kama gari la kwenda mjini linapiga honi nje. Watu humwomba Zuwera aandike kwenye kopo kwamba krimu inaondoa makovu, chunusi, ukurutu, uzee. Hukataa. Kopo limeandikwa majina ya vitu vinne, na neno "hulainisha".

Duka la Hajia Lansah lipo vilevile, na limejaa. Zuwera hulipita kila asubuhi akienda kufungua lake, naye husimama na kumsalimu Hajia kwa magoti, kama ada inavyotaka, kisha huendelea na safari yake.